Injini ya Mwaka Mwingine

Kanja, Embu
3 Mei 1987

Kaka Mbaabu,

Pokea salamu za watu wa Kanja, walio wazima na wanaokohoa, maana mvua ya mwaka huu haitaki kutuacha. Mimi ni mzima. Mtoto anacheza tumboni utadhani analima mtaro wa kahawa. Mama mkwe anasema ni msichana kwa sababu nimekuwa mvivu. Mwambie Mama huko Kianjai kwamba mwezi wa saba, Mungu akipenda, atakuwa na mjukuu Embu, na aanze kutafuta mtu wa kumwachia mbuzi wake aje akae nami.

Nakuandikia kwa sababu ya pikapu. Asubuhi inakataa kuwaka. Gitari anakaa na ufunguo, anaomba, anatukana kidogo, inatoa moshi mweupe mpaka kuku wanakimbia. Jua likishatoka inawaka kama haijawahi kusumbua mtu. Runji, fundi wa hapa kwetu, anasema zile hita plagi zimechoka. Wewe kazi yako ni kuuza spea huko Meru, kwa nini tuhangaike? Nilipomwambia Gitari nitakuandikia alitoka akaenda kwa ng'ombe. Unamjua, hapendi kuomba kitu kwa wakwe. Basi nimechukua kalamu mwenyewe.

Tusaidie upesi. Gitari ndiye anayebeba maziwa ya majirani mpaka Runyenjes, na yakichelewa yanaharibika. Watu wameanza kunung'unika.

Msalimie Celina na watoto.

Dada yako,
Gacheri


Meru
12 Mei 1987

Gacheri, na shemeji Gitari,

Barua imefika. Mama amecheka sana kusikia wewe umekuwa mvivu. Mbuzi watabaki na Celina, kwa hiyo mtayarishieni kitanda.

Sasa habari ya plagi. Nisomeni polepole, hapa ndipo watu wengi hukosea. Dizeli haina cheche kama petroli. Inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na asubuhi ya baridi joto hilo halitoshi. Ndiyo sababu kuna hita plagi za kupasha moto kwanza. Pikapu kama yenu zina injini za aina mbili ambazo ukiziweka pamoja utadhani ni mapacha. Zile za zamani, mpaka mwaka wa themanini na tatu, plagi zake ni za volti kumi na mbili. Zinapata moto polepole, dereva anangoja, halafu anawasha. Kuanzia themanini na nne waliweka plagi za volti sita. Hizi zinapata moto haraka sana, na kuna kisanduku kidogo kinachokata umeme kabla hazijaungua.

Taabu ni kwamba plagi zenyewe zinaingia mahali pamoja, kwa uzi ule ule. Ukiweka ya zamani kwenye injini mpya, haitapata moto wa kutosha. Ukiweka mpya kwenye injini ya zamani, gari litawaka vizuri ajabu kwa muda mfupi, kisha plagi zitaungua kama balbu.

Kwa hiyo msiniambie gari ni la mwaka gani. Niambieni injini ni ya mwaka gani. Magari mengi yamebadilishwa injini na wenyewe hawasemi. Tena ingekuwa bora mnitumie plagi moja iliyotolewa humo, mpeni mtu yeyote anayekuja hapa soko la Gakoromone na ndizi, niione kwa macho yangu.

Ni mimi,
Mbaabu


Kanja
20 Mei 1987

Shemeji Mbaabu,

Asante kwa maelezo. Gari hili uliliona mwenyewe siku niliyokuja Kianjai kuleta mahari, wazee wenu wakalizunguka wakiligusagusa. Ni la themanini na tano. Injini ni ya themanini na tano, ile ile iliyotoka nayo kiwandani, hakuna aliyeigusa.

Plagi za zamani nilizitoa nikazitupa, sikujua zina kazi.

Tuma za themanini na tano.

Wako,
Gitari


Kanja
14 Juni 1987

Kaka,

Plagi zilifika kwa yule mama wa ndizi, zikiwa zimefungwa vizuri kama mayai. Mungu akubariki. Sasa gari linawaka kabla Gitari hajafunga mlango. Asubuhi ya kwanza alilizima akaliwasha tena, akalizima, akaliwasha, mpaka mama yake akamuuliza kama amepata mke wa pili.

Lakini nikwambie kituko. Runji alikuja na vifaa vyake kuzifunga, Gitari akamrudisha nyumbani. Akazifunga mwenyewe, ameinama ndani ya boneti, mgongo ametugeuzia, kama mtu anayemvalisha mgonjwa nguo. Nikamuuliza, "Unaficha nini humo?" Akasema, "Mwanamke, kachume mboga." Tukacheka.

Nilienda kliniki. Mtoto amelala vizuri, ila nesi anasema damu yangu ni kidogo, nisithubutu kuzalia nyumbani. Nikishikwa tu, niende Embu hospitalini. Nilikuwa na hofu, maana kutoka hapa mpaka barabara kubwa ni mbali na njia ni matope. Gitari akaniambia, "Gari liko mlangoni. Nitakufikisha kabla hujamaliza kulia." Mwambie Mama asiwe na wasiwasi. Aje tu mtoto akishazaliwa, kabla ya hapo baridi ya huku itamuumiza magoti.

Dada yako,
Gacheri


Kanja
18 Julai 1987

Mbaabu,

Mtu niliyemtuma kwenu amekwisha fika, kwa hiyo unajua. Uliuliza kupitia kwake ilikuwaje. Nakuandikia mara moja, sitaki kuulizwa tena.

Alishikwa na uchungu Alhamisi alfajiri. Baridi ilikuwa kali, ukungu huoni lango. Nilimpandisha garini na dada yangu Nelius akimshika. Gari halikuwaka. Nilijaribu mpaka betri ikalala. Tulijaribu kuliamsha kwa kulisukuma, majirani wakaja, tukalisukuma mpaka chini mtoni, likakohoa likanyamaza. Runji aliwasha tambara akalishika kwenye bomba la hewa. Haikusaidia. Mwishowe tulimbeba kwa kitanda mpaka barabarani na lori la majani chai likatuchukua. Mtoto alizaliwa ndani ya lori. Gacheri alifika hospitalini akiwa bado anaongea. Aliniuliza kama ni msichana. Damu ilikuwa imekwisha.

Mtoto yuko hai. Anaitwa Wamuyu, jina la mama yangu.

Plagi zako ziliungua, Mbaabu. Zote nne. Nilizitoa na ziko hapa.

Mazishi ni Jumatano.

Gitari


Meru
16 Agosti 1987

Shemeji Gitari,

Nimekaa na karatasi hii tangu tulipotoka mazishini kwenu.

Sikumjibu mjomba wako pale kaburini aliposimama akasema kwamba kuna watu wanaouza vifo dukani. Nimeenda mara nyingi kwenye rafu ile nilikotoa plagi zako. Nakumbuka nikiupanda ule ubao, nakumbuka boksi lenyewe, nakumbuka nikisoma namba kwa sauti. Lakini mtu anakumbuka anachotaka. Labda kuna aliyechanganya maboksi kabla yangu. Labda simu ya duka ililia nikageuka. Kama ulisema themanini na tano nami nikatuma za themanini na tano, zingeunguaje? Kwa hiyo nilikosea. Sioni njia nyingine.

Mama hasemi nami. Njiani kutoka Kanja aliketi mbele na dereva. Tulipofika Kianjai aliingia ndani akafunga mlango. Kila Jumamosi nikienda nyumbani Celina anampikia, mimi nampelekea, naye anarudisha sufuria ikiwa imejaa vile vile. Wiki jana nilimkuta uani nikamwambia, "Mama, kula hata kidogo." Akasema, "Mkono huo ndio uliomfungia Gacheri zile takataka. Sitakula kutoka humo." Halafu akaendelea kupepeta maharagwe.

Sikuandikii ili unihurumie. Naandika kukuomba msamaha, wewe na watu wa nyumba yako. Ukisema nisikanyage tena Kanja, sitakanyaga, lakini naomba Mama aruhusiwe kumwona mtoto.

Mbaabu


Kanja
6 Septemba 1987

Mbaabu,

Barua yako niliisoma. Mimi ni Mkristo. Mtu hukosea, na Mungu ndiye anayejua. Sina kinyongo nawe.

Mama anaweza kuja wakati wowote. Mtoto ananyonya maziwa ya ng'ombe na anaongezeka.

Tusilizungumze tena jambo hili, halitamrudisha.

Gitari


Kanja
22 Novemba 1987

Kwako Mbaabu, ndugu wa marehemu,

Mimi ni Nelius, dada mkubwa wa Gitari. Labda unanikumbuka mazishini, nilikuwa nimembeba mtoto. Sasa nakaa hapa namlea, maana mama yetu ni mzee na Gitari anashinda barabarani.

Nimesikia kwamba hutaki kuja kwetu. Hayo ni mambo ya wanaume. Mtoto huyu ana uso wa Gacheri mtupu, na hata akilia anainamisha kichwa upande mmoja kama yeye. Mjomba asipomwona mtoto wa dada yake, nani atamwona? Njoo kabla ya Krismasi. Gitari akiwa hayuko mimi nipo, na akiwepo atakupa chai kama mtu mwingine.

Mama yako alikuja mwezi uliopita. Alimkalisha mtoto mapajani siku nzima. Nilimuuliza habari zako, akasema hajui mtu huyo. Niliogopa.

Nelius


Meru
20 Desemba 1987

Gitari,

Nilikuja kwenu Jumatano. Nelius atakuwa amekuambia. Hukuwepo, ulikuwa umeenda Embu kwa basi kutafuta matairi, na gari lilikuwa uani.

Nilimwona mtoto. Sitaandika habari za mtoto katika barua hii.

Nilipokuwa nikingoja chai, nililitazama lile gari, nikamwambia Nelius nataka kuona mahali plagi zinapokaa. Nilitaka kujua nilikosea nini, hilo tu. Tangu Julai nimekuwa nikifunga duka nikibaki nyuma kuhesabu maboksi kama kichaa. Nelius akanifungulia boneti.

Gitari, mimi nimeuza spea za injini hizi tangu nitoke shule. Sihitaji kusoma namba. Ile ya themanini na moja mfuniko wake wa vali una masikio mawili ya kunyanyulia injini, na kuanzia themanini na nne masikio hayo hayapo. Yako ina masikio mawili. Hata hivyo nilisoma namba, nikaifuta matope kwa leso yangu nikaisoma, nisije nikakusingizia. Injini hiyo ni ya themanini na moja. Na kile kisanduku cha kukata umeme, kilichokuja na gari lenyewe, bado kinaning'inia pale pembeni, nyaya zake zimekatwa na kufungwa kwa plastiki. Kutoka kwenye betri kuna waya mmoja mnene mpaka kwenye swichi ya kubonyeza, na kutoka swichi moja kwa moja mpaka kwenye plagi. Plagi zilizomo sasa ni za volti kumi na mbili. Za sawasawa. Kwa hiyo baadaye ulijua cha kununua.

Nilienda kwa Runji. Hakutaka kusema, nikamwambia sitaondoka. Akasema injini ya kwanza iliganda ikafa kabisa mwaka wa themanini na sita, miezi michache baada ya harusi, na kwamba mliitoa nyinyi wawili mkaweka ile ya gari lililopinduka, nawe ukamwapisha asimwambie mtu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Alikuwa amewaambia wakwe kwamba ni gari jipya."

Kisha Nelius, bila kujua anachosema, akaniambia kwamba kabla ya Gacheri kushikwa mlikuwa mkiliegesha gari juu kilimani mchana ili mliamshe kwa kuteremka. Kwa wiki mbili. Kwa hiyo ulijua pia kwamba zimekwisha ungua. Ungeniandikia, ningekutumia nyingine. Ila ungelazimika kusema mwaka.

Nimesoma tena ile barua yako ya Septemba. Ulinisamehe.

Mbaabu


Kanja
10 Januari 1988

Shemeji,

Sijui nianzie wapi. Kila ulichoandika ni kweli.

Nilipolileta gari kwenu wazee walisema binti yao amepata mtu. Gacheri alikuwa amesimama mlangoni akisikia. Injini ilipoganda nilijiambia nitaweka nyingine ya mwaka ule ule nikipata nafasi, na sikupata. Yeye mwenyewe hakujua. Ulipouliza mwaka, yeye ndiye aliyenisomea barua yako, amesimama pale pale mezani. Ningemwambia nini? Nikasema themanini na tano. Nilidhani unazidisha maneno kama wenye maduka wote. Ziliwaka vizuri. Zilipoungua nilimwambia ni betri, nikaona bado kuna siku, mtoto ni wa mwisho wa mwezi. Akaja mapema.

Pale kaburini mjomba aliposema yale, nilitaka kumshika mkono. Nikainua sepetu badala yake. Baada ya hapo kila siku iliyopita ilifanya jambo kuwa gumu zaidi. Ile barua ya Septemba niliiandika mara tatu.

Nakuomba kitu kimoja. Usimwambie Mama. Akijua, watu wenu watakuja kumchukua Wamuyu, na watakuwa na haki, wala sitaweza kuwazuia. Sina kingine kilichobaki. Wewe ni mwanawe, siku moja atalainika kwako. Kwangu hatalainika.

Gitari


Meru
31 Januari 1988

Gitari,

Hakuna atakayemchukua mtoto. Nelius ndiye mama yake sasa, nimeona kwa macho yangu, na hilo nitalisimamia mbele ya mtu yeyote wa kwetu. Liondoe hilo.

Mimi sitamwambia Mama. Nilijaribu. Krismasi nilisimama mlangoni pake nikasema, "Mama, nimetoka Kanja, nimeiona ile injini." Akasema, "Mwizi naye huenda kuangalia alikoiba." Nikaelewa kwamba maneno haya yakitoka kwangu ni mshtakiwa anayejitetea. Yatoke kwako.

Njoo Kianjai umwambie. Si kwa barua, maana hasomi na sitaki Celina amsomee kitu kama hicho. Njoo na mtoto ukitaka, ukae, umwambie ulivyoniambia mimi. Ana miaka sabini na kitu, anapika kwa shida, macho yameanza kufifia, na mwanawe pekee anayeishi karibu naye hawezi kumpa hata kikombe cha maji. Anakula kwa majirani. Watu kanisani wanajua. Celina hupita njia ya nyuma asikutane nao.

Sikudai kitu kingine chochote. Ukishasema, mimi nitanyamaza maisha yangu yote.

Njoo kabla ya mvua.

Mbaabu


Kanja
13 Machi 1988

Shemeji Mbaabu,

Nilikuwa nimepanga kuja wiki ya pili ya Februari, lakini mtoto alipata homa. Baadaye gari likaharibika klachi. Sasa mvua imeanza mapema na njia ya huku huwezi kupita. Nelius naye anasema tusimsafirishe mtoto kwenye baridi.

Nitakuja Pasaka. Nakuahidi. Nimekwisha pata maneno ya kumwambia Mama, nayasema peke yangu nikiendesha.

Usidhani nakimbia.

Gitari


Kianjai
17 Aprili 1988

Gitari,

Pasaka ilipita.

Mama alianguka Jumanne akitoa mbuzi zizini. Jirani ndiye aliyemkuta. Upande wa kulia umekufa na hawezi kusema. Daktari anasema huenda akakaa hivi muda mrefu, huenda asikae. Anafungua macho, anatazama. Akiitwa jina wakati mwingine anageuka na wakati mwingine hageuki. Kama anaelewa tunayosema, hakuna anayejua.

Nimeomba likizo dukani. Tumehamia nyumbani kwake mimi na Celina.

Mbaabu


Kanja
24 Aprili 1988

Ndugu Mbaabu,

Ni Nelius. Gitari amesoma barua yako akaiweka mezani akaenda shambani mpaka giza. Niliisoma, na nikazitafuta zile nyingine nikazisoma pia. Sikujua. Yale niliyokuambia kuhusu kuliegesha gari kilimani niliyasema kama mtu anayezungumza habari za mvua.

Nilimpandisha Gacheri garini mimi mwenyewe asubuhi ile. Alikuwa akinipa moyo. Aliniambia, "Usiogope, litawaka, Kaka alituma mpya." Nimekaa na maneno hayo tangu siku hiyo nikikulaumu wewe.

Gitari anakuja. Nimemwambia asipokuja mimi nitakuja na mtoto nimwambie mama yako mimi mwenyewe, akinisikia au asiponisikia.

Nelius


Kianjai
5 Juni 1988

Gitari,

Nakuandikia kwa sababu uliondoka bila sisi kuzungumza, na sikutaka kuzungumza mbele ya mtoto.

Ulifanya nilichokuomba. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikasikia yote. Ulipiga magoti kando ya kitanda ukasema, "Mama, Mbaabu hakukosea. Injini ilikuwa ya zamani. Nilijua, nikasema uongo, Gacheri akafa." Ulirudia mara mbili, ya pili kwa sauti, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Ulipomtazama usoni ulikuwa ukitafuta kitu, nami pia nilikuwa nakitafuta. Macho yake yalikuwa kwa Wamuyu, aliyekuwa akivuta shuka. Kisha ukaniangalia mimi, na nikaangalia nje.

Sikukushukuru siku ile, na leo sijui kama nakushukuru. Mjomba wako aliyasema ya kwake kaburini, watu wa wilaya mbili wakisikia. Wewe uliyasema chumbani, tukiwa wewe na mimi na mgonjwa na mtoto. Kanisani bado wanapita mbali nami. Sitaenda kuwaeleza.

Jioni ile, mlipokwisha ondoka, Celina alikoroga uji wa wimbi akanipa kikombe. Nikakaa kitandani nikampa Mama kijiko. Akanywa. Nikampa kingine akanywa, mpaka kikombe kikaisha. Celina alijifunika uso kwa kanga akalia, akasema, "Umeona? Amesikia. Amekusamehe."

Nilienda kuosha kikombe. Tangu aanguke Mama anakunywa kwa mkono wa mtu yeyote. Anakunywa kwa Celina, kwa jirani, na wiki iliyopita alikunywa kwa mwanamke mgeni aliyekuja na akina mama wa kanisa, ambaye hajawahi kumwona maishani. Anafungua mdomo kijiko kikigusa. Kama ungekuja Februari, angekula akanirudishia sufuria tupu, nami ningejua ni kwa nini iko tupu. Sasa kila jioni namlisha na sijui ninayemlisha ananijua kuwa nani.

Nelius anaweza kumleta mtoto wakati wowote. Mama akimwona, mkono wake wa kushoto husogea.

Wewe ukija, utapewa chai.

Mbaabu